Muulize Mwalimu: "Mama, mimi hesabu siwezi"

Habari zenu wasomaji. Mwezi huu barua na meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinagusa kitu kimoja, maneno tunayowaambia watoto wakikosa na wakipata. Wengine mmeuliza moja kwa moja kuhusu hii maindseti ya kukua, au mtazamo wa kukua, inayosemwa sana kwenye semina za walimu, wengine hamkuitaja kwa jina ila ndo hiyo hiyo. Kwa kifupi tu ili twende pamoja: wazo limetoka kwa Carol Dweck, profesa wa saikolojia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Anasema kuna watoto wanaoamini akili unazaliwa nayo kiasi fulani na basi, na kuna wanaoamini uwezo unaongezeka kadiri unavyojifunza, sasa hawa wawili wakikutana na swali gumu wa kwanza anakimbia manake ule ugumu anausoma kama taarifa kwamba hana akili, wa pili anabaki hapo hapo anahangaika nalo. Haya, tuanze na barua.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina kijana wangu yupo darasa la tatu hapa Morogoro, kila jioni tukifungua daftari anasema mama mimi hesabu siwezi, afu anaanza kulia. Mwalimu wake anamwandikia "Jitahidi" kila siku. Mie namwambia unaweza mwanangu, unaweza, we jiamini tu, lakini sioni mabadiliko yoyote. Juzi 52 − 27 kaandika 35, 41 − 16 kaandika 35, 64 − 38 kaandika 34. Zote kakosa. Nifanyeje? – Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba mama. Nakushukuru sana umeniandikia hizo hesabu zenyewe, manake wazazi wengi wananiandikia "mtoto wangu mzito" na hapo mimi sina pa kushika.

Ziangalie tena pamoja na mimi. 52 toa 27. Kwenye mamoja ameona 2 na 7, akaona mbili haiwezi kutoa saba, akageuza, saba toa mbili ikawa tano. Kwenye makumi tano toa mbili, tatu. Ndo hiyo 35. Nenda 41 toa 16, sita toa moja tano, nne toa moja tatu, 35 tena. Nenda ya mwisho utakuta hivo hivo, nane toa nne, sita toa tatu, 34. Mama, huyu mtoto hajakosa hesabu tatu. Amekosa kitu kimoja akakirudia mara tatu, na hicho kitu kina akili ndani yake, kwa sababu tangu darasa la kwanza amezoea kubwa inatoa ndogo na yeye amefuata alichozoea. Kutoa anajua. Makumi na mamoja anajua yanakaa wapi. Kilichobaki ni kukopa kumi.

Sasa mtoto wa hivi ukimwambia jitahidi, atajitahidi kweli, atafanya hesabu 20 kwa njia ile ile na atakosa zote 20, na usiku analala akiwa na ushahidi mpya kwamba kweli hawezi. Hapa ndo naachana na watu wengi wanaohubiri hii maindseti, wameigeuza ikawa kumpigia mtoto makofi na kumwambia unaweza, kumbe mtoto haamini kwa sababu umemwambia, anaamini akishaona mwenyewe kitu kilichokuwa hakiendi kimekwenda na anajua kimekwendaje. Dweck mwenyewe mwaka 2015 aliandika akilalamika kwamba watu wanasifia juhudi tupu hata pale mtoto hajajifunza kitu. Juhudi bila njia mpya inamchosha tu mtoto.

Jioni ya leo usifungue daftari. Chukua njiti za fagio la chelewa, zikate fupi fupi, mfunge naye kumi kumi kwa raba bendi mpate mafungu matano, na njiti mbili pembeni. Hiyo ni 52. Mwambie nipe saba. Atakwambia mama hamna, ziko mbili. Hapo nyamaza. Usimsaidie hata akikukodolea macho, subiri, watoto wengi wakiachiwa muda wanafungua fungu moja wenyewe na kama hajafungua muulize tu, nyumba nzima njiti ziko wapi tena? Akifungua atakuwa na 12, atakupa saba, zimebaki tano, na mafungu yamebaki manne. Sasa mwambie nipe na mafungu mawili. Anabaki na mafungu mawili na njiti tano. Rudieni na 41 toa 16 kwa njiti, na ile ya tatu, na baada ya hapo ndo achukue penseli aandike kile mikono yake imefanya.

Akimaliza usimwambie una akili sana. Mtajie alichofanya, "umefungua fungu mwenyewe bila mimi kukwambia." Na kesho yake akikosa muulize hapa ulikuwa unawaza nini, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, sio ile sauti ya kumkamata, manake watoto wanaijua tofauti. Na likirudi lile neno la siwezi hesabu usibishane nalo, lipunguze ukubwa, mwambie hesabu ni kubwa sana mwanangu, wewe hujajua kukopa, na kukopa ndo kazi yetu wiki hii.

Mambo mawili ya mwisho kwako. Muulize anakaa wapi darasani na kama ubaoni anaona vizuri, wako watoto wengi wameitwa wazito miaka na miaka kumbe ni macho au masikio, hilo likague kabla ya yote. Na mwalimu wake nenda kamuone kwa heshima, mwonyeshe hizo hesabu tatu kama ulivyonionyesha mimi, sidhani kama atakataa kumkalisha mtoto dakika tano, wengi tunaandika Jitahidi kwa sababu madaftari ni mlima na kengele imelia.

SWALI: Habari mwalimu. Binti yangu ni kipanga tangu chekechea, hajawahi kutoka tatu bora, nyumbani tumezoea kumwita Profesa. Mwaka huu darasa la tano amehamia shule nyingine yenye watoto wakali zaidi, testi ya kwanza akawa wa 9. Tangu hapo swali likionekana gumu hataki hata kuligusa, na wiki iliyopita nimekuta karatasi yake ya Sayansi 61 imegeuzwa kuwa 81 kwa peni. Nimeumia. Nimchape? – Baba, Mwanza

JIBU: Usimchape baba. Nitakueleza kwa nini, na sio kwamba namtetea kwenye kudanganya.

Mwaka 1998 Dweck na mwenzake Claudia Mueller walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa miaka 10 mpaka 12 hivi huko Marekani, umri wa binti yako kabisa. Watoto walipewa mafumbo ya picha, mepesi kiasi, wakafanya vizuri. Kisha wengine wakaambiwa sentensi moja tu, lazima una akili kwenye haya mambo, wengine wakaambiwa lazima umefanya bidii. Sentensi moja baba, na kutoka kwa mtu wasiyemjua. Walipoulizwa sasa mnataka kazi ya namna gani, wengi wa waliosifiwa akili wakachagua ile ambayo wana uhakika wataonekana wanajua, na waliosifiwa bidii karibu wote wakachagua ile ya kujifunza kitu hata kama watakosea. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu kweli, wakashindwa, halafu mwisho wakapewa mepesi tena kama ya mwanzo. Waliosifiwa akili wakafanya vibaya kuliko walivyofanya mwanzo, wale wengine wakafanya vizuri zaidi.

Na kuna sehemu ambayo nikisoma barua yako nimeikumbuka palepale. Watoto waliambiwa wawaandikie wenzao wa shule nyingine, bila jina, waseme wamepata ngapi. Kwenye waliosifiwa akili karibu 4 kati ya 10 waliongeza maksi. Kwenye waliosifiwa bidii ilikuwa kama 1 kati ya 8. Hakuna aliyekuwa anawajua, hakuna zawadi, na bado walidanganya, kwa sababu ile maksi ilikuwa imeshageuka kuwa wao wenyewe.

Binti yako amekuwa Profesa miaka yote, na maprofesa hawapati 61. Kwa hiyo akachagua kugeuza namba kuliko kukuletea mtu asiye Profesa. Ukimchapa utamthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuogopa, na mara nyingine ataficha vizuri zaidi.

Mkalishe, sio mbele ya wadogo zake. Mwambie umeona na umeumia kwa uongo, sio kwa 61, na uhakikishe hiyo ndo kweli ndani ya moyo wako, kama wewe mwenyewe 61 imekuuma ataiona usoni hata ukisema nini. Karatasi airudishe namba yake, hilo halina mjadala. Afu ipitieni swali kwa swali, yale aliyokosa ayagawe, haya nilikuwa sijui, haya nilikuwa najua nikaharakisha, haya sikuelewa swali linataka nini, manake kila kundi dawa yake ni tofauti, la kwanza ni kusoma, la pili ni kurudia kazi kabla ya kukusanya, la tatu ni kuzoea maswali. Mtoto ambaye tangu chekechea kila kitu kimekuwa rahisi hajawahi kufundishwa namna ya kukaa na kitu kigumu, anaanza leo akiwa na miaka 10 au 11 na ataona aibu, kwa hiyo mpe muda. Jioni badala ya umepata ngapi jaribuni kuulizana nini kimekushinda leo, na wewe uanze, mwambie kitu cha kazini kilichokushinda na unachopanga kufanya kesho.

Na jina la Profesa liacheni polepole. Msilifute ghafla kama adhabu, atajua amelipoteza.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nafundisha darasa la pili Singida vijijini, watoto 94 chumba kimoja, madawati hayatoshi. Tumepewa semina ya mtazamo wa kukua, tukaambiwa tumsifu kila mtoto kwa hatua yake na tuzungumze naye mmoja mmoja. Mmoja mmoja saa ngapi? Naomba kitu kinachowezekana. – Mwalimu, Singida

JIBU: Pole sana na kazi mwenzangu. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto wamejaa madarasani, na ni jambo jema wamekuja, ila walimu na vyumba havikuongezeka kwa mwendo ule, kwa hiyo mtu akikwambia ukae na watoto 94 mmoja mmoja hajawahi kushika chaki kwenye chumba kama chako. Nitakupa yanayofanyika ukiwa umesimama ubaoni.

La kwanza na ndilo kubwa, masahihisho. Unajua yalivyo kwetu, unaandika majibu ubaoni, watoto wananakili chini ya kazi, wewe unapita na peni nyekundu, vema vema vema, kwisha. Mtoto amenakili 25 pale alipokuwa ameandika 35 na hajui kwa nini, ila daftari sasa linapendeza. Jaribu hivi. Ukisahihisha, usiku ule, tafuta kosa moja lililojirudia kwenye madaftari mengi. Asubuhi liandike ubaoni kubwa, bila jina la mtu, sema jana nimekuta jibu hili kwenye madaftari mengi sana, aliyeandika hivi alikuwa anawaza nini? Sio nani kaandika, alikuwa anawaza nini. Waache wabishane wawili wawili kwenye dawati, au chini kwenye mkeka, afu uwasikilize watatu wanne. Watoto wa umri huo wanapenda sana upelelezi. Mkishalipata ndo kila mtu anarudi kwenye daftari lake na kufanya masahihisho yake mwenyewe, na wewe siku hiyo unasahihisha masahihisho kwa uzito kuliko kazi ya jana. Dakika kumi, daftari 94 umezigusa kwa pamoja. Jina usitaje kamwe, hata ukimjua. Ila siku moja kuna mtoto atanyoosha mkono aseme mwalimu hilo ni langu, bila kuambiwa, na siku hiyo ujue darasa lako limeanza kuwa mahali ambapo mtu anaweza kukosea na akabaki na heshima yake.

La pili, kusubiri. Mtafiti mmoja Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alirekodi walimu wengi madarasani akakuta wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumrukia mtoto mwingine au kujibu wenyewe. Walimu waliojifunza kusubiri sekunde tatu au zaidi walianza kupata majibu marefu zaidi, na kutoka kwa watoto ambao walikuwa hawasemi kabisa. Sekunde tatu! Haihitaji dawati wala kitabu. Uliza, nyamaza, hesabu moyoni, wale wanaonyoosha mikono wakipiga kelele "mwalimu mimi, mwalimu mimi" waambie mikono chini, kila mtu afikirie kwanza.

Aliyekosa usimwache amesimama na usimkalishe na kumsahau. Mwingine akijibu, rudi kwa yule wa kwanza, haya na wewe tuambie sasa, akitoa jibu ndo akae. Anakaa akiwa amepata. Kucheka aliyekosa ikatae kwa nguvu zako zote, mimi hicho ndo kitu pekee nilichokuwa nakikasirikia darasani.

Fimbo nitaisema waziwazi. Mtoto anayejua kosa ni fimbo hatajaribu kitu asichokuwa na uhakika nacho, ataangalia kwa jirani, na wewe utasahihisha madaftari 94 yenye majibu ya watoto wanne. Huwezi kumwambia kosa ni sehemu ya kujifunza huku umeshika mkwaju.

Na siku ya kufunga shule, kama una sauti kwenye kikao cha walimu, ombeni ile ya kusoma majina kuanzia wa kwanza mpaka anayeshika mkia mbele ya wazazi iishe. Baraza la Mitihani lenyewe, NECTA, mwanzoni mwa 2023 liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa, sasa sisi darasa la pili tunang'ang'ania nini? Mzazi akitaka kujua mwanae yupo wapi aje aonyeshwe daftari la Januari na la Novemba, ataona mwenyewe.

SWALI: Hujambo mwalimu, niko Nakuru. Ripoti ya mtoto wangu wa Gredi ya Nne imesema "kukaribia matarajio" kwa Hisabati na Kiswahili. Sisi tulizoea namba, ulikuwa unajua mtoto ni wa ngapi. Hii si ni kuambiwa amefeli kwa upole? – Mama, Nakuru

JIBU: Sijambo mama. Hapana, hajafeli. Zile ngazi nne za CBC, huo mtaala wenu wa umilisi huko Kenya, yaani kuzidisha, kufikia, kukaribia na mbali na matarajio, zinampima mtoto na kile alichotakiwa kukijua, sio na mtoto wa jirani, na mimi naona hilo ni jambo zuri sana, kuwa wa 5 kwenye darasa dhaifu hakukwambii chochote.

Shida ni kwamba ngazi peke yake haina kazi. Nenda shuleni uulize swali moja, ni kipi hasa amekikaribia na bado hajakifikia? Ni kusoma kwa ufasaha au ni kuelewa alichosoma? Ni kugawanya au ni sehemu? Mwalimu akuonyeshe kazi ya mtoto yenyewe. Ukirudi nyumbani na kitu kimoja chenye jina unaweza kukifanyia kazi likizo nzima. Na tafadhali usianze kumuuliza wangapi wamezidisha matarajio darasani kwenu, hapo utakuwa umezirudisha zile namba kwa mlango wa nyuma.

SWALI: Mwalimu salaam. Mimi ni mzee sasa, nimesomesha watoto na wajukuu. Haya mambo ya mtazamo ni ya Wazungu. Kuna mtoto ana kichwa na kuna asiye nacho, Mungu kagawa. Na nimesikia hata huko kwao wameyapima wakakuta hayafanyi kazi. – Babu, Tanga

JIBU: Shikamoo babu. Ulichosikia kina ukweli na sitakificha. Uingereza walilipima wazo hili kwenye shule 101 za msingi, walimu wakafundishwa namna ya kulifundisha, matokeo yakatoka 2019 na watoto wale hawakuonekana kusonga mbele kuliko wengine. Mwaka huo huo Marekani ukatoka utafiti mkubwa, wanafunzi zaidi ya 12,000 wa darasa la tisa, walisomeshwa kwa kompyuta chini ya saa moja tu kwamba ubongo unakua ukifanya kazi ngumu. Waliokuwa nyuma maksi zao zikapanda kidogo, kidogo kweli, na ilifanya kazi vizuri zaidi kwenye shule ambazo wenzao darasani nao walikuwa hawaogopi maswali magumu. Mimi nikiviweka pamoja napata hivi: maneno matupu hayamfikishi mtoto mbali, yanafanya kazi pale ambapo darasa lenyewe linamruhusu kukosa, kuuliza na kurudia. Na hakuna maneno yatakayomsaidia mtoto aliyeshinda na njaa mpaka saa nane, huyo mpeni uji kwanza.

Kwamba watoto hawalingani nakubali babu, mmoja anashika upesi, mwingine taratibu, nimewafundisha wote. Ila kuhusu mambo ya Wazungu naomba nikurudishe chuoni, kule madrasa. Tanga nzima watoto wanaanza alifu be te wakiwa wadogo kabisa, na ustadhi anamsikiliza kila mtoto ukurasa wake, mmoja yupo kwenye herufi, mwingine ameshaingia Juzuu Amma, na asiyeshika somo la jana leo anabaki hapo hapo, anasoma tena, kesho tena, mpaka lishike. Nani amewahi kumtoa mtoto chuoni akisema huyu Kur'ani sio kichwa chake? Tunajua atafika, tunatofautiana siku tu. Nisilolipenda chuoni ni bakora, lakini ile subira ya kumwacha mtoto kwenye ukurasa wake bila kumhesabia wa ngapi, ingehamia kwenye hesabu na kusoma tungekuwa mbali sana.

SWALI: Mwalimu mimi ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza Tabora. Shule ya msingi nilikuwa natajwa kwenye bora, sasa hivi nimekuwa wa 112. Mwalimu akifundisha naandika tu sielewi, nikinyoosha mkono naogopa Kiingereza changu watacheka. Wananiita kilaza. Nahisi akili imeisha. – Mwanafunzi, Tabora

JIBU: Mwanangu, akili yako haijaenda popote. Umesoma miaka yote kwa Kiswahili halafu ukavuka geti moja masomo yote yakageuka Kiingereza kwa wakati mmoja. Usanisinuru uliujua, uliuchora na jani na jua, leo umekaa mbele yako kwenye Baiolojia una jina usilolijua. Unajifunza vitu viwili kwa mpigo, somo na lugha, na maelfu ya wenzako nchi nzima wanapitia hapo hapo, hata hao wanaokuita kilaza.

Sasa kazi. Kila jioni chukua kipindi kimoja tu cha siku hiyo, sio vyote. Pigia mstari maneno matano yanayojirudia zaidi, tafuta maana yake, na ueleze lile somo kwa Kiswahili kwa sauti, kama unamfundisha mdogo wako. Ukiweza kulieleza kwa Kiswahili ujue somo unalo, kilichobaki ni kulivalisha Kiingereza, na hapo andika sentensi tatu kwa Kiingereza hata kama ni mbovu. Kesho yake mpelekee mwalimu sentensi hizo baada ya kipindi, wakati darasa limetoka, mwambie mwalimu naomba unisahihishie. Na tafuta mwenzako mmoja, mmoja anatosha, muwe mnaulizana kwa Kiingereza mkienda na kurudi shule, mkosee pamoja. Kitabu chako cha Sayansi cha shule ya msingi kama bado kipo nyumbani kilete, kiweke pembeni ya cha Baiolojia, kitakusaidia kuliko unavyodhani.

Testi ya muhula huu usiangalie namba 112 imekuwa ngapi. Angalia kama maswali uliyoyaelewa yameongezeka. Niandikie tena mwezi wa sita, nataka kujua umefika wapi.

SWALI: Nimemwahidi mwanangu wa darasa la kwanza baiskeli akishika namba moja. Nimekosea? – Baba, Dodoma

JIBU: Ahadi ni ahadi baba, lakini badilisha sharti leo kabla hajaanza kuogopa. Namba moja iko moja tu darasani na haiko mikononi mwake, mwenzake akipata zaidi yeye atakosa baiskeli hata kama amejifunza kusoma muhula huu. Mwambie baiskeli ni ya siku atakayokusomea ukurasa mzima wa kitabu chake mwenyewe, na kila usiku akae na wewe dakika kumi mkiusogelea.